Mwambie Baba Yako Chakula Tayari

Mama amepakua ugali. Baba ameketi hatua tatu tu kutoka mezani. Badala ya kumwita, mama anamgeukia mtoto wa miaka saba na kusema, "Mwambie baba yako chakula tayari." Mtoto anapeleka habari. Baba, bila kuinua macho, anajibu, "Mwambie mama yako nimesikia." Mtoto anarudi na jibu ambalo kila mtu chumbani amekwisha lisikia.

Akina mama wenzetu, tukicheka ni kwa sababu tunaifahamu nyumba hiyo. Wengine wetu tumelelewa ndani yake.

Watu husema nyumba ya namna hiyo haina mawasiliano. Sisi tunaona yamo, tena mengi. Mlango unaofungwa kwa kishindo unasema. Sahani inayowekwa mezani kwa nguvu inasema. Mgongo unaogeuzwa kitandani unasema kuliko hotuba. Kinachokosekana ni kule kufika. Neno lenyewe "mawasiliano" ni ndugu wa neno "kuwasili", na jambo ambalo halijamfikia mwenzako kama ulivyolikusudia bado liko njiani, hata kama umelisema mara kumi.

Hebu tutazame maneno mawili tu: "Sukari imekwisha." Mke anapoyasema, huenda anatoa habari tu. Huenda anaomba fedha za dukani. Huenda pia anasema, "Tangu juzi hujaacha kitu hapa nyumbani na hujali." Mume naye ana masikio yake. Kama siku hiyo amedaiwa kazini, hata ile habari tupu ataisikia kama lawama, naye atajibu lawama. Ndipo ugomvi unapoanza juu ya sukari, na kumbe sukari haikuwa na kosa lolote. Ingekuwa rahisi zaidi kusema, "Baba Neema, sukari imekwisha, naomba tupange ya wiki hii."

Katika semina za ndoa tumesikia mara nyingi kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na uso, na maneno ni asilimia 7 tu. Hesabu hiyo ilitokana na majaribio ya mtaalamu wa Marekani, Albert Mehrabian, yaliyochapishwa mwaka 1967. Yalihusu jinsi mtu anavyotambua kama anapendwa au anachukiwa pale neno na sauti zinapopingana. Mehrabian mwenyewe alionya kwamba hesabu hiyo si ya mazungumzo yote. Kwa hiyo tusidhani uso wenye huzuni utamweleza mume kwamba ada ya shule inatakiwa Jumatatu. Uso utamwambia una huzuni. Ada itakubidi uiseme kwa kinywa.

Lakini kwa mtoto mchanga, uso na sauti ndivyo alivyo navyo. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wenye umri wa siku chache tu hubadilisha namna ya kunyonya ili waisikie sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Miaka michache kabla, mtaalamu mwingine, Edward Tronick, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wa miezi michache, kisha wawatazame kwa muda mfupi bila kuonyesha chochote usoni. Mtoto alitabasamu, akanyosha mikono, akajaribu kila alilolijua ili amrudishe mama. Aliposhindwa aligeuza uso, akanywea. Hakuna aliyemkemea wala kumpiga. Ni uso tu uliokataa kujibu.

Ikiwa mtoto wa miezi michache anasoma uso namna hiyo, yule tarishi wa miaka saba anasoma nini nyumbani mwetu? Anajua siku kimya kilipoanza. Asichojua ni sababu yake, na watoto wengi wasipopewa sababu hudhani sababu ni wao.

Wanawake wa pwani walipata njia yao ya kusema bila kufungua kinywa. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi ya chini. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka majina hayo mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Tangu hapo mke aliweza kumjibu jirani, wifi, hata mume, kwa kujifunga doti moja tu na kupita uani. Ni sanaa nzuri nasi tunaipenda. Ila ina udhaifu wake: aliyelengwa anaweza kujifanya hakusoma, na ambaye hakulengwa akadhani ni yeye. Siku hizi maneno ya namna hiyo yamehamia kwenye simu. Mke anaweka fumbo WhatsApp, mashemeji wote wanalisoma kabla ya mume, na jioni mume anaulizwa na dada yake, "Huko nyumbani kuna nini?"

Katika Biblia yuko mwanamke aliyejua kusema na kujua kungoja. Soma 1 Samweli sura ya 25. Nabali, tajiri mkali, aliwatukana watu wa Daudi walioomba chakula, na Daudi akaja na watu 400 wenye panga. Mkewe, Abigaili, alipashwa habari na mtumishi. Akapakia mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano walioandaliwa na vyakula vingine, akaenda kusema na mtu mwenye hasira hadi upanga ukarudi alani. Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe kwenye karamu, amelewa sana. Hakumwambia neno usiku ule. Alimwambia asubuhi, divai ilipokuwa imemtoka.

Abigaili hakununa. Alingoja. Anayenuna humwacha mwenzake abahatishe. Anayengoja anajua atasema lini. Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 4, anaonya jua lisituchwee tukiwa na uchungu, nasi hatuoni kwamba Abigaili anampinga. Mke anaweza kusema, "Baba Neema, nina jambo moyoni. Leo tumechoka wote, tuzungumze kesho baada ya chai." Hasira imepewa siku yake, na usiku huo watu wanaweza kulala. Kila nyumba ina asubuhi yake. Kwa mume anayetoka zamu ya usiku huenda ikawa saa kumi alasiri. Lakini si mbele ya mama mkwe, wala mbele ya rafiki zake.

Hayo hatumwambii dada anayenyamaza kwa sababu akisema anapigwa. Huyo hana tatizo la kuchagua saa. Azungumze mapema na mtu anayeweza kumlinda: mzazi, mshenga, mchungaji mwenye busara. Nchini Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwenda huko si kuuasi ndoa.

Limebaki swali ambalo akina mama hutuuliza zaidi: nifanyeje, ninapomwuliza ana nini, naye anasema hana kitu? Usimkalishe kitini kama mshtakiwa. Wapo wanaume ambao sebuleni hawana neno, lakini mkiongozana kwenda shambani, au ukimshikia tochi wakati anatengeneza baiskeli, habari yote ya kazini inatoka yenyewe, kidogo kidogo, macho yake yakiwa kwenye mnyororo. Shika tochi, wala usiharakishe kuuliza swali la pili.