Mti wa pome hauzai peke yake

Katika milima yenye baridi ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, ziko familia zinazopanda matofaa, ambayo huku tunayaita pome. Mara kwa mara tunasikia lalamiko hili: mti ulichanua vizuri, lakini matunda ni machache na yamepinda. Mmoja anasema udongo umechoka. Mwingine anaanza kumtaja jirani na uchawi. Kabla ya kumshitaki mtu, tukate tunda moja.

Ukikata pome kwa upande, utaona nyota yenye vyumba 5. Kwa kawaida kila chumba kina nafasi ya mbegu 2. Mbegu zikiwa chache, mara nyingi tunda linabaki dogo au linapinda. Maana yake, unga wa maua haukufika vya kutosha.

Miti mingi ya pome haijitoshelezi. Ua linahitaji unga kutoka mti wa aina nyingine unaochanua wakati uleule. Ndiyo sababu katika nchi za joto aina ya Anna hupandwa pamoja na Dorsett Golden. Mtu anayependa mti wa zamani wa babu yake hawezi kuuhifadhi kwa mbegu, kwa kuwa mche wa mbegu haufanani na mama. Anakata kitawi na kukiunganisha kwenye shina la mche mwingine. Lakini hata akipata miti 20 kwa njia hiyo, yote ni kama mti mmoja. Bado inahitaji aina nyingine karibu.

Na anayebeba unga huo ni nyuki. Kwa hiyo familia yenye miti michache inafaa kuwa na mzinga, uwekwe mbali na nyumba, njia na mifugo. Tusipulize dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Tusichome nyuki kwa moto ili kupata asali. Moshi kidogo unatosha, na tuwaachie sehemu ya chakula chao.

Nyuki hawajui mpaka wa shamba. Dawa ya mmoja inaua nyuki wa mwenzake, na mzinga wa mmoja unazalisha miti ya mwingine. Huenda jirani unayemshuku ndiye ambaye nyuki zake zilikuletea hayo matunda machache. Basi, kabla ya maua kufunguka, mwende mkaongee naye.