Mkaja, Mkanda na Maumivu ya Mzazi

"Kaka, shemeji kajifungua kawaida au kwa kisu?"

Aliyeniuliza ni kijana wa Mtaa wa Congo, Kariakoo, mikanda ya tumbo imemjaa begani. Kwa kisu, nikamwambia. Siku ya ngapi? Ya sita. Kiuno? Hapo nikakwama. Nikapiga simu nyumbani, akapokea mama.

"Khanga zimejaa kabatini, mpira wa nini? Sisi tulifungwa mkaja wa khanga tukapona."

Kijana akacheka, akachomoa saizi ya kati. "Avae akitembea. Akilala avue, mshono upumue."

Nilifika pale kwa sababu ya neno moja. Usiku wa pili wodini mke wangu aliomba dawa ya maumivu, akajibiwa kwamba wenzake wote wamepasuliwa na wametulia. Niungame: kidogo nikubaliane na aliyejibu. Miaka ile nilipopasuliwa ngiri nililala kimya, nikajiona dume la mbegu. Baadaye nimesoma, na sehemu ya ushujaa ule sidhani kama ilikuwa yangu.

Testosteroni, homoni ambayo wanaume tunayo kwa wingi, imeonekana katika majaribio mengi kupunguza makali ya maumivu. Hata hivyo si zawadi tupu. Kwenye ngozi huchelewesha kidonda kufunga, ilhali estrojeni hukiharakisha. Kwa hiyo huenda nilinyamaza vizuri na kupona polepole.

Mambo ya mzazi ni makubwa zaidi. Mwaka 1980 Alan Gintzler, mtafiti wa New York, alionyesha kwamba panya mwenye mimba huvumilia maumivu zaidi kadiri siku za kuzaa zinavyokaribia, kwa kuwa mwili wake unajitengenezea dawa ya kutuliza. Wataalamu wa usingizi nao wanajua kwamba mjamzito hulegea kwa dozi ndogo kuliko mwanamke asiye na mimba. Estrojeni na projesteroni, ambazo kondo la nyuma huzimimina kwa miezi, zimo katika kazi hiyo. Kondo likitoka, homoni hizo huporomoka ndani ya siku chache. Sasa mfikirie aliyepasuliwa: ganzi ya sindano ya mgongo inamwisha saa chache baadaye, na homoni zilizokuwa zikimkinga zinashuka siku hizo hizo. Ni kama kufika duka la dawa muuzaji akiwa anateremsha shata.

Halafu ananyonyesha. Mtoto akivuta titi, oksitosini inatoka, maziwa yanashuka, na mfuko wa uzazi unajikaza. Mama yangu hakuhitaji maabara kulijua hilo. "Chango hilo," alisema, "na huyu ni wa tatu, litamsumbua kuliko mwanzo." Ni kweli, waliowahi kuzaa hulisikia zaidi. Kwa mke wangu lilikuwa linakaza tumbo ambalo tayari lina mshono.

Ajabu ni kwamba oksitosini hiyo hiyo inashukiwa kuwa mlinzi dhidi ya maumivu yasiyokoma. James Eisenach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, waliwafuatilia wazazi, na mwaka 2013 wakaandika kwamba baada ya mwaka mmoja, waliokuwa bado na maumivu yaliyotokana na uzazi walikuwa chini ya 1 kati ya 100. Wengine wamepata idadi kubwa kuliko hiyo, hasa kwa waliopasuliwa, na ubishi unaendelea. Lakini kwa panya, oksitosini ya baada ya kuzaa ilionekana kweli kuzuia maumivu ya mshipa wa fahamu ulioumia yasiote mizizi.

Mbona haya tunayasikia leo? Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, alipekua jarida kubwa la maumivu mwaka 2005, akakuta karibu tafiti 8 kati ya 10 za wanyama zilitumia madume peke yake. Majike yaliachwa kwa hofu kwamba mizunguko yao ya homoni ingevuruga hesabu. Mwaka 2015 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba panya dume na panya jike hufikia maumivu yale yale kwa seli tofauti za kinga, na jike akipewa testosteroni anahamia njia ya dume. Dawa iliyotungwa kwa njia moja, basi, inaweza kumpita mwenye njia ya pili.

Anayetaka ushahidi wa binadamu kwamba homoni hugusa maumivu atoke Kariakoo, avuke Posta, ashuke hadi baharini, Ocean Road, ilipo hospitali ya saratani katika majengo yaliyojengwa na Wajerumani. Kuna saratani ya titi inayolishwa na estrojeni. Mwanamke aliyekwishakoma hedhi, baada ya kupasuliwa, anaweza kupewa vidonge vinavyofunga kiwanda cha homoni hiyo. Wengi wanaovimeza huamka vidole vimekakamaa na magoti yanalia, na hakuna aliyegusa goti. Estrojeni tu imeondoka.

Nilirudi na mkanda wangu, nikakuta mama ameshamfunga mke wangu khanga, juu kidogo ya mshono. Kumkanda kwa maji ya moto alikubali kuahirisha, kwa shingo upande. Mkanda uko kwenye mfuko wake mpaka leo. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeuliza swali ambalo wodini halikuulizwa: maumivu yanakuja saa ngapi? Wakati wa kunyonyesha, mke wangu akajibu. Basi meza vidonge nusu saa kabla.

Saa kumi na moja alfajiri mtoto akaanza kujinyonganyonga, bado hajalia. Mkono wa mke wangu ulitangulia kwenye vidonge.