Muziki wa gari, sehemu ya pili: umeme unaobeba sauti

Wiki iliyopita tuliishia kwenye redio. Tuliona kwa nini redio iliyokuja na gari kutoka Japani haishiki vituo vingi vya kwetu: FM ya Wajapani huanzia megahezi 76, na kwa redio nyingi za zamani huishia 90, ilhali vituo vyetu vinarusha kati ya 88 na 108. Tukakubaliana kwamba kile kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa kinapunguza tatizo tu, na mwenye uwezo ni heri abadilishe redio nzima. Leo tunaingia nyuma ya redio hiyo mpya, kwenye nyaya. Huko ndiko kazi nyingi zinakoharibikia, na huko ndiko mteja asikotazama, maana dashibodi ikisharudishwa hakuna kinachoonekana tena.

Chukua IST, Vitz, Probox au Noah, magari yaliyojaa barabara za Dar es Salaam na Nairobi. Ukiivuta redio yake ya asili, mara nyingi utakuta nyuma soketi mbili, moja ya matundu kumi na nyingine ya matundu sita. Redio mpya nayo huja na kishada chake cha nyaya, na rangi zake zinafuata utaratibu uliozoeleka kwa watengenezaji wengi: njano ni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, nyekundu ni umeme unaokuja ukifungua swichi, nyeusi ni ethi, na nyingi za rangi zilizobaki ni za spika. Toyota wana mpango wao. Umeme wa moja kwa moja wanaupitisha kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa swichi kwenye waya wa kijivu, na ethi ni kahawia. Njano na nyeusi zimo pia, katika ile soketi ndogo, lakini ni nyaya za spika ya nyuma kushoto.

Sasa tazama kinachotokea fundi anapozikata soketi na kuunga rangi kwa rangi. Njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi: redio haiwaki, na hapo ana bahati. Kijivu kwa kijivu: waya wa kijivu wa redio mpya ni wa spika ya mbele kulia, na sasa umepewa volti 12 za swichi, kwa hiyo sehemu ya ndani inayosukuma spika inaweza kuungua papo hapo. Ya kijani ndiyo yenye hila zaidi. Kwa redio mpya kijani ni spika ya nyuma kushoto. Kwa Toyota ni waya wa mwanga wa dashibodi, unaopata umeme taa za gari zinapowashwa. Gari linaweza kutoka kwa fundi mchana likiimba vizuri kabisa, jioni dereva akawasha taa na redio ikafa. Atalaumiwa aliyemuuzia redio, wakati kosa liko kwenye kiungo kimoja kilichozungushiwa tepu.

Ndiyo maana nasisitiza bila kuchoka: soketi za gari zisikatwe. Ipo soketi ya kati, upande mmoja inaingia kwenye gari na upande wa pili unaungwa na redio, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na redio. Ikikosekana, kila waya upimwe kwa mita kabla ya kuungwa, swichi ikiwa imefungwa, kisha imefunguliwa, kisha taa zikiwa zimewashwa. Viungo vilehemiwe au vibanwe kwa koleo lake. Na kabla ya hayo yote teminali ya hasi ya betri itolewe, na nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo aghalabu soketi na maganda yake ni ya njano, zisiguswe hata kidogo.

Kuna jambo dogo la umbo. Nafasi ya redio katika Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani ina upana wa milimita 200, na redio nyingi za madukani ni karibu 180. Zile nafasi mbili za pembeni zina vipande vyake vya plastiki. Usikubali zijazwe gundi.

Tuje kwenye nguvu. Boksi la redio limeandikwa wati 50 mara nne, na watu wengi wananunua kwa kuisoma namba hiyo. Hesabu yake haifiki huko. Injini ikiwa inanguruma na altaneta inachaji, umeme wa gari ni takriban volti 14.4. Redio ya kawaida, isiyo na kifaa cha kupandisha volti hizo ndani yake, haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi, na kwa kawaida hutoa kati ya 15 na 22. Ukilazimisha zaidi, kilele cha kila wimbi la sauti kinakatwa, muziki unakwaruza, na vile vispika vidogo vya sauti nyembamba ndivyo vinavyotangulia kuungua. Kwa mtu anayesikiliza taarifa ya habari na taarabu akienda kazini, wati 15 zinamtosha. Anayetaka besi inayosikika kifuani lazima aongeze amplifaya.

Na amplifaya inakula umeme kuliko watu wanavyodhani. Taa mbili kubwa za halojeni, za wati 55 kila moja, zinakula ampea 8. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli, ikiwa inapoteza sehemu ya tano tu ya umeme wake kama joto, inahitaji ampea 45 muziki unapofika kileleni. Umeme huo unasafiri mita 5 hivi, kutoka kwenye betri iliyo mbele hadi kwenye buti. Upitishe kwenye waya wa shaba wa milimita 4 za mraba na karibu volti 1 nzima inapotelea njiani, ikigeuka joto chini ya zulia la gari. Waya wa milimita 21 za mraba, ambao madukani huitwa geji 4, unapoteza sehemu ya tano tu ya volti.

Lakini hakikisha ni shaba. Soko limejaa waya mnene, wenye ganda zuri linalong'aa, ambao ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Omba kipande, toa uzi mmoja, uparue kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu, na inapitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba. Si marufuku kuutumia, ila uchukue mnene zaidi na ulipe bei yake halisi, si bei ya shaba.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Wengi wanaamini fyuzi inailinda amplifaya, kwa hiyo wanaridhika na ile iliyomo kwenye amplifaya yenyewe kule nyuma. Fyuzi ya mbele kazi yake ni kuulinda waya. Waya ule unapita kwenye tundu la bati kati ya injini na abiria, na barabara zetu zinatikisa. Tundu lisipovishwa mpira, ncha ya bati inalisugua ganda mwezi hadi mwezi mpaka shaba inagusa bodi. Betri ya gari ikiguswa hivyo inamwaga mamia ya ampea, na waya unakuwa mwekundu kama kaa. Kama fyuzi iko buti, haina habari na yote hayo. Hapo gari linaungua.

Ethi ya amplifaya nayo iwe fupi, ya unene uleule, ifungwe kwa bolti kwenye bati lenyewe. Rangi ya gari haipitishi umeme, kwa hiyo paruza kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka rangi juu ili kutu isiingie. Ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta mara nyingi unatoka kwenye ethi mbovu, au kwenye waya wa sauti uliolazwa ubavuni mwa waya wa umeme. Pitisha mmoja kulia, mwingine kushoto.

Kazi ikiisha, usilipe kwa kusikiliza wimbo mmoja. Mwambie fundi apime volti kwenye teminali za amplifaya, injini ikiwa imewashwa na muziki uko juu. Zikishuka chini ya 13, ama waya ni mwembamba, ama ethi haijashika, ama altaneta imezidiwa. Kisha azime gari, atoe ufunguo, afunge milango, asubiri dakika chache na kupima umeme unaotoka kwenye betri. Usizidi ampea 0.05. Ukizidi, kuna kitu hakijalala, mara nyingi waya mwekundu uliounganishwa pamoja na wa njano ili kurahisisha kazi, na gari likiegeshwa siku chache utahitaji mtu wa kukusukuma.

Wiki ijayo: milango, makasha ya sabufa, na kwa nini sabufa ileile inaimba vizuri ndani ya boksi moja na kuguna ndani ya jingine.