Nyumba Iliyohamia Hospitali

Mgonjwa wa kifua kikuu akikatiza dawa, huandikwa mtoro. Huku Kaskazini Mashariki neno hilo limewaonea wengi. Mfugaji anayetibiwa Garissa au Wajir huanza kupata nafuu baada ya wiki chache tu: homa inashuka, kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi. Malisho nayo hayamsubiri. Yakiisha, ngamia husogezwa, na familia yake huvunja nyumba yake, aqal, na kuipakia. Akibaki, anabaki miezi mingi bila maziwa, bila wa kumpikia, bila kujua atawakuta wapi watu wake. Akiondoka, vijidudu vilivyosalia mwilini hupata nafasi ya kuizoea dawa. Mtu huyu haikimbii tiba, anaifuata nyumba yake. Na anayetaka apone hana budi kuiwezesha nyumba hiyo imfuate yeye.

Wajir ililionyesha hilo karibu nusu karne iliyopita. Annalena Tonelli, Muitaliano aliyefika Kenya mwaka 1969, alikabidhiwa mwaka 1976 mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wanaohamahama. Hakuwafungia wagonjwa wodini. Aliwaalika wapige vibanda vyao mbele ya kituo alichokuwa akihudumu, wakae hapo hadi dozi ya miezi sita iishe, wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Vijiji hivyo vya vibanda, vilivyoitwa manyatta za TB, vikaenea sehemu nyingine za kaskazini, na kumeza dawa chini ya uangalizi kukaja kuwa mwongozo wa shirika hilo duniani kote katika miaka ya 1990. Siri ya manyatta ilikuwa kutumia uwezo ambao familia tayari ilikuwa nao. Aqal ni nyumba ya miti iliyopindwa na mikeka, inayobebwa mgongoni mwa ngamia na kusimamishwa upya na wanawake. Mifugo nayo imezoea kugawanywa: wachache wa kukamuliwa hubaki karibu na nyumba, wengine huenda mbali na vijana. Kwa hiyo familia haikulazimika kuchagua kati ya mgonjwa na ngamia.

Daktari makini atauliza: je, si hatari kumweka mwenye kifua kikuu na watoto kibandani? Swali ni la haki, na lilijibiwa Madras, India, mwaka 1959, pale wagonjwa waliotibiwa nyumbani walipolinganishwa na waliolazwa hospitalini. Waliobaki nyumbani walipona karibu sawa na wenzao, na jamaa zao hawakuugua zaidi. Hatari kubwa iko kabla ya dawa kuanza, wakati kikohozi hakijapewa jina. Familia iliyo karibu ndiyo inayoweza kupimwa, kupewa dawa ya kinga na kulishwa. Jaribio lililofanywa Jharkhand, India, na kuchapishwa mwaka 2023, liligundua kwamba nyongeza ya chakula kwa watu wanaoishi na mgonjwa ilipunguza visa vipya vya ugonjwa kwa takriban asilimia 40.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la mzigo. Tunaposema “familia”, mara nyingi tunamaanisha mwanamke mmoja: mke, mama au binti aliyeachishwa shule, anayechota maji, kupika na kuhesabu vidonge. Dawa za TB ni za bure Kenya, lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya kaya zenye mgonjwa zilibeba gharama za kuziangusha: nauli, chakula, kipato kilichopotea. Aibu huongeza uzito. Qaaxo, kama Wasomali wanavyouita ugonjwa huu, huweza kumharibia mtu posa, na wapo jamaa wanaoficha mpaka damu itoke kifuani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nakubali yote hayo, lakini hayanionyeshi kwamba familia iondolewe. Yananionyesha kwamba isiachiwe kazi hii bure, kana kwamba mapenzi hayachoki.

Ni kweli pia kwamba wengi sasa wamehamia mijini, na kwamba kambi za wakimbizi za Dadaab, tangu 1991, zimewakusanya watu wengi ambao hawana tena ngamia wa kufuata. Sitaki kila mahali pajengwe vibanda vya 1976. Mgonjwa wa mtaani Garissa anahitaji jirani au ndugu aliyefunzwa, na posho ya unga na maziwa. Wa malishoni anahitaji kiwanja karibu na hospitali, tangi la maji, na mahali pa kupiga aqal kwa angalau miezi miwili ya mwanzo, ile ya dawa nne kwa pamoja. Tangu 2013 hospitali za huku ziko mikononi mwa kaunti. Bajeti za Garissa, Wajir na Mandera zinapojadiliwa, kifungu cha kwanza cha kutafuta kwenye fungu la kifua kikuu ni cha chakula na maji ya wanaomuuguza mgonjwa.