Taa ya frigo inawaka, lakini samaki inaoza

Mwezi wa kumi uliopita, mu mtaa wetu hapa Kolwezi, mama mmoja jirani aliamka mbele jua litoke ili kutoa samaki ya kuuza. Bwana yake alikuwa kazi ya usiku ku karyeri. Kwa mshahara wake walikuwa wamenunua katoni mbili za Thomson, na faida yake njo ilikuwa ya kulipia watoto masomo. Alipofungua konjelatere, taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka kama kila siku. Lakini maji ilimwangukia ku miguu, na samaki ilikuwa laini kama matope.

"Mi nilijua iko inatumika," alituambia. "Taa ilikuwa inawaka, na mashini ilikuwa inalia usiku yote: vumm, tak. Vumm, tak. Nikasema, iko inasukuma baridi."

Ndugu wasomaji, wengi wetu tungesema vile vile. Kumbe ule mlio ulikuwa alama ya ugonjwa.

Umeme wetu unatoka Nzilo na Nseke ku Lualaba, Mwadingusha na Koni ku Lufira, na ule waya mrefu wa Inga unaotembea karibu kilomita 1.700 mpaka Kolwezi. Unapaswa kufika mu nyumba na volti 220. Lakini magharibi, wakati kila jiko linawasha resho kwa kupika bukari, nguvu inashuka. Taa ndogo haijali, inawaka tu. Kompresere, ile mashini nyeusi nyuma ya frigo, haiwezi. Inajaribu kuzunguka (vumm), inashindwa, inapata moto, na kifaa kidogo cha kuilinda kinaikata (tak). Baada ya dakika chache inajaribu tena. Ikifanya vile usiku kucha, baridi haiko, na siku moja waya za ndani zinaungua. Frigo nzima inazunguka kwa muda, inatulia, halafu inaanza tena. Ukisikia vumm-tak, chomoa waya ku prize mara moja.

Bwana alirudi asubuhi, wakakaa wote wawili mbele ya zile katoni. Mama mkubwa wa parseli akashauri: "Tukaange mbio mbio." Mwingine akasema: "Tutie chumvi, itakuwa bitoyo." Swali lilikuwa moja tu: samaki imekaa bila baridi tangu saa ngapi? Hakuna aliyejua.

Na swali lile ni kubwa kweli. Kati ya digri 5 na 60, mikrobe zinaweza kuongezeka mara mbili kila dakika 20. Tena Thomson iko na hatari yake. Ikikaa mu joto, ndani ya nyama yake inazaliwa sumu inayoitwa histamini. Moto wa sufuria haiondoi, chumvi haiondoi, na kurudisha samaki mu baridi haiondoi. Mara nyingine hata harufu haibadiliki. Mtu anakula, na kisha muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, mwili unawasha, tumbo linaharisha.

Waliitupa mu shimo. Mama alilia, na sisi tuliokuwa pale hatukuwa na neno la kumwambia.

Tangu siku ile tumeuliza mafundi wa mtaa na tumejaribu wenyewe. Haya ndiyo tuliyoshika.

Kwanza, pima. Ile namba ku kitufe cha frigo si digri. Mu frigo nyingi, 5 inamaanisha baridi zaidi kuliko 2, basi. Nunua termometa ndogo ya frigo, iweke mu glasi ya maji katikati ya frigo, usome asubuhi mbele ya mtu kufungua mlango. Inapaswa kuonyesha digri 4 ao karibu yake. Mu konjelatere ni digri 18 chini ya sifuri.

Pili, weka mlinzi. Gandisha maji mu kikombe. Ikikuwa barafu, weka juu yake ekru ndogo ya chuma, na kikombe kibakie mule mu konjelatere. Ukikuta ekru iko juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta chini kabisa, ujue kila kitu kiliyeyuka wakati ulilala ao ulikuwa safari, hata kama sasa kimekuwa kigumu tena. Nyama na samaki ya mule usile, usiuzishe.

Tatu, andika. Funga kaye ndogo na kalamu ku mlango. Umeme ukienda, andika saa. Ukirudi, andika saa. Frigo isiyofunguliwa inalinda chakula karibu masaa 4. Konjelatere iliyojaa inaweza kufika masaa 48, ya nusu masaa 24. Kwa hiyo jaza nafasi tupu na chupa za maji, lakini usizijaze mpaka juu, maana barafu inapanuka. Na watoto wasifungue kila saa kutafuta sukre.

Nne, umeme ukienda, chomoa. Ukirudi, ngojea dakika 10 mbele ya kuchomeka. Saa ya kurudi nguvu inapanda na kushuka, na kompresere inahitaji kupumzika kidogo ili iweze kuanza vizuri. Stabilizatere yenye kuchelewesha inafanya kazi ile peke yake, lakini mwambie fundi nguvu ya frigo yako mbele ya kununua, maana kompresere inaomba nguvu nyingi sana wakati wa kuanza.

Tano, angalia mwili wake. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi: kikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na baridi inatoroka. Vumbi ya malori ya minerai inaingia kila mahali. Chomoa frigo, pangusa mabomba ya nyuma, uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta.

Na kwa nyumba zenye mgonjwa wa sukari: insulini isiyofunguliwa inakaa kati ya digri 2 na 8. Isigande hata mara moja. Ikiganda, haitumike tena. Usiiweke karibu na sehemu ya barafu. Umeme ukikatika muda mrefu, uliza muuguzi mbele ya kuitumia.

Juma lililopita tulipita tena kwa jirani yetu. Bwana alikuwa ametoka kazini, bado na buti zake. Konjelatere ilitengenezwa, na ndani tuliona katoni moja tu, si mbili. Ku mlango iko kaye.

"Ku kazi hatuingie mu shimo mbele ya kupima," alituambia. "Hapa ku nyumba tulikuwa tunaamini taa."

Mama alifungua, akatuonyesha kikombe. Ekru ilikuwa juu ya barafu. Akafunga mlango haraka, akaanza kuhesabu samaki ya kupeleka soko.