Fahamu: Makaburi ya Kilwa yanavyotaja mama na baba

Unga kidogo wa jino la kale unatosha kueleza ukoo. Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, waliozikwa Kilwa, Songo Mnara na Lindi wakiwemo.

Vinasaba vya mitokondria mtoto huvirithi kwa mama tu. Kromosomu Y baba humrithisha mwanawe wa kiume. Kwa wengi wa pwani, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, wa baba ukaelekea Uajemi. Mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000.

Kumbe masimulizi ya Washirazi, yasemayo mababu walitoka Uajemi na yaliyobezwa miaka mingi, yalikuwa na mizizi. Lakini Kiswahili walichokikuza watoto wa mchanganyiko huo ni lugha ya Kibantu, lugha ya huku kwa mama zao.