MOSHI NI KUNI INAYOPOTEA BURE: TUJUE KUKOKA MOTO WA MAFIGA

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, twende jikoni.

Najua kuna watakaosema mambo ya kuni yamepitwa na wakati, sasa ni gesi. Ni kweli, Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Safi sana. Lakini huku kwetu Migato, Simiyu, ugali wa leo usiku nyumba nyingi utaivia juu ya mafiga matatu. Sasa mpaka huo mwaka ufike tunafanyaje? Mimi nasema tujifunze kukoka moto unaokula kuni kidogo.

Maana kuni Usukumani si mchezo. Enzi za mkoloni mapori yalifyekwa kufukuza mbung'o, baadaye tukaendelea kufyeka kwa ajili ya pamba na mifugo. Hali ikawa mbaya mpaka mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga (wakati huo Bariadi yote ilikuwa Shinyanga, mkoa wa Simiyu umekuja 2012). Ndio uliofufua ngitili za wazee wetu. Pale kuni zinapokosekana, mama anakoka mabua ya mtama, miti ya pamba, hata mavi ya ng'ombe yaliyokauka ambayo yangekuwa mbolea. Kwa hiyo moto mbaya unakula mpaka mavuno ya mwakani!

Tuanze na swali: moshi ni nini hasa? Kuni ikipata joto inatoa gesi, na hiyo gesi ndiyo inayowaka tukaona mwali. Gesi ikikosa joto au hewa ya kutosha haiwaki, inapanda juu kama moshi. Ina maana moshi ni kuni uliyoibeba kichwani kutoka porini, halafu inajiondokea bila kuchemsha kitu. Na haiishii hapo, inaingia kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ndio hao wanaobebwa mgongoni mama akipika.

Haya, twende hatua kwa hatua:

1. KAUSHA KUNI. Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Moto utahangaika kukausha maji ya kwenye kuni kabla ya kuchemsha ya kwenye sufuria. Pasua kuni kiangazi, panga juu ya kichanja chini ya paa, hewa ipite. Ukigonganisha mbili zikalia "ko!", zimekauka. Zikilia kwa sauti nzito, bado.

2. TUMIA KUNI NYEMBAMBA. Kuanzia unene wa kidole gumba, zisizidi kifundo cha mkono. Washa kwa miti ya pamba, inashika haraka. Kisha weka kuni tatu au nne, ncha zikutane katikati, na uzisukume ndani kadiri zinavyoungua. Gogo zima linatoa moshi tu.

3. MOTO UPUMUE CHINI. Zoa majivu ya jana. Egesha kuni juu ya kipande cha tofali ili hewa ipite chini yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Larry Winiarski alibuni majiko ya kuni yanayoitwa "rocket", na hewa kupita chini ya kuni ni sehemu ya siri yake. Tofali huna haja ya kununua.

4. ZUIA UPEPO. Chukua udongo wa kichuguu, kanda na majani makavu yaliyokatwakatwa, zungushia mafiga. Acha mdomo wa kuingizia kuni na nafasi ndogo kuzunguka sufuria, kama unene wa kidole, joto lipande likikumbatia chombo. Ncha ya mwali iguse kitako cha sufuria.

5. FUNIKA NA UPUNGUZE. Loweka maharage tangu usiku. Yakishachemka, toa kuni moja au mbili. Maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka taratibu, jamani! Unachoongeza ni mvuke tu.

6. UKIMALIZA, ZIMA. Vuta kuni nje, fukia ncha kwenye mchanga. Kesho zitawaka haraka. Kuziacha zifuke ni hasara, tena hatari kwa watoto.

Msichome minyaa mibichi, utomvu wake unaumiza macho. Plastiki na matairi msiwashie kabisa, moshi wake ni sumu.

Na hili mlishike: kutokuona moshi si kusema hakuna hatari. Makaa mekundu yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani wamefunga madirisha. Moto hata uwe mzuri vipi, acha mlango wazi na nafasi kati ya ukuta na paa.

Baba wenye nyumba nanyi nisikieni. Kupasua kuni, kujenga kichanja na kukandika udongo ni kazi ya siku moja tu. Tusiwaachie akina mama na mabinti, kuni wanabeba wao na moshi wanavuta wao.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenu mnakokaje moto? Mwenye ujuzi zaidi atumwagie hapa tufaidike wote.